Uliza Mwalimu: Kumjali mwanachuo bila kumpunguzia kiwango

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanaofundisha au kusoma vyuoni waniandikie kuhusu yanayowasumbua darasani, na barua zilizofika zimenielemea kwa wingi na kwa uzito. Nimechagua tano. Nne zimetoka kwa wanaofundisha na moja kwa anayefundishwa, na ijapokuwa waandishi wake hawajuani, zote zinazunguka jambo moja: mtu awezeje kufundisha chuoni kwa namna inayomjali kila aliyeketi mbele yake, na elimu yenyewe isishuke. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa ombi la wenyewe.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninafundisha takwimu kwa wanachuo 160 wa mwaka wa kwanza. Nikiuliza swali, wanaojibu ni wale wale watano wa safu ya mbele. Waliobaki huinamisha vichwa. Karibu theluthi moja ya darasa hushindwa mtihani wa mwisho. Nilipopendekeza katika kikao cha idara kwamba tubadilishe namna ya kufundisha, mhadhiri mmoja mwandamizi aliniambia kwamba chuo si shule ya chekechea, na kwamba kazi yetu ni kulinda kiwango, kubembeleza si kazi yetu. Je, nimekosea kufikiri kwamba kushindwa kwao kunanihusu? (Mhadhiri msaidizi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea, lakini kwanza nimtendee haki mwenzako, kwa sababu hofu yake si ya kupuuzwa. Anaogopa kwamba tukianza kumwonea mwanafunzi huruma tutampa shahada isiyo na kitu ndani yake, na mtu wa namna hiyo akikabidhiwa wagonjwa wa kutibu au daraja la kujenga, watakaoumia ni watu wengine kabisa. Hofu hiyo ninayo hata mimi. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba kiwango na ugumu wa njia ya kukifikia ni kitu kimoja. Kiwango cha somo lako ni kwamba mwanafunzi aweze kuitazama data, achague kipimo kinachofaa, akokotoe, kisha aeleze matokeo yana maana gani na yasichukuliwe kuwa na maana gani. Kuvumilia mhadhara wa saa mbili usio na mapumziko si sehemu ya kiwango hicho. Kufumbua swali la mtihani lenye vishazi vinne vilivyofungana si sehemu yake, wala ujasiri wa kunyoosha mkono mbele ya watu 159. Hivyo ni vizuizi tulivyoviweka wenyewe, mara nyingi kwa mazoea tu kwa kuwa nasi tulifundishwa hivyo, na kila kimoja humwangusha mwanafunzi kwa jambo ambalo mtihani haukukusudia kulipima.

Kisa kimoja hunirudia kila ninapoulizwa swali kama lako. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uri Treisman, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi walikuwa wakianguka sana katika kalkulasi ilhali wanafunzi wenye asili ya China walikuwa wakifaulu. Maelezo yaliyokuwa vinywani mwa wahadhiri ni yale yale tunayoyasikia vikaoni hadi leo: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri sekondari, nyumbani kwao elimu haithaminiwi, kipato ni kidogo. Treisman hakubishana nao. Aliwafuata wanafunzi wa makundi yote mawili huko wanakosomea, akaangalia saa zao wanazitumiaje, na maelezo yale moja baada ya jingine yakakosa ushahidi. Alichokiona ni kwamba waliofaulu walikuwa wakisoma peke yao kwanza, kisha wanakutana, wanalinganisha majibu, wanasahihishana na kuambiana nani amebaki nyuma na wapi. Walioanguka walisoma kwa bidii pia, ila kila mtu kivyake, na akikwama hana wa kumuuliza. Dawa aliyoitengeneza haikuwa masomo ya kufidia. Alianzisha warsha ambamo wanafunzi walipewa maswali magumu kuliko ya darasani wayatatue kwa vikundi, na waliohudhuria walifanya vizuri zaidi, kwa tofauti kubwa, kuliko wenzao wasiohudhuria. Kazi iliongezwa ugumu na upweke ukaondolewa, kwa wakati mmoja. Mweleze mwenzako kisa hicho kwa upole, kwa sababu kinajibu hofu yake pale inapouma.

Kuhusu theluthi yako inayoshindwa, nisingependa uichukue kama laana ya darasa lako. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walizikusanya tafiti 225 kutoka masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na vipindi ambamo wanafunzi hupewa kazi ya kufanya papo hapo. Katika mihadhara ya kawaida walioshindwa walikuwa kwa wastani asilimia 33.8, katika vipindi vya namna ya pili walikuwa asilimia 21.8. Mtu akiniambia kwamba kuna njia ya kuwavusha wanafunzi 12 zaidi katika kila 100, kwa mitaala ile ile, nami nikaipuuza kwa kuwa inafanana na kubembeleza, nitakuwa silindi kiwango. Nitakuwa ninalinda mazoea yangu.

Sasa ule ukimya. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alizichunguza shule, si vyuo, lakini alichokigundua nimekiona katika kumbi za mihadhara kila mahali nilipofundisha: mwalimu akishauliza husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kujijibu mwenyewe au kumwita anayejua. Akijizuia kwa sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojitolea huongezeka. Jaribu, na uhesabu kimoyomoyo, maana sekunde tatu za ukimya ni ndefu sana kwa aliyesimama mbele. Kisha usiishie kusubiri. Waambie wote waandike jibu kwa dakika mbili, kila mmoja amgeukie jirani yake walinganishe, ndipo uwaulize wawili wa safu ya kumi walikubaliana nini na walitofautiana wapi. Anayesema hapo hasemi peke yake. Ana mwenzake, ana maandishi mkononi, na kosa likitokea ni la wawili. Mwanafunzi asiyeimudu vizuri lugha ya kufundishia hupata pia nafasi ya kuitunga sentensi yake kabla ya kuitamka mbele ya watu.

Jambo la mwisho kwako ni maelekezo. Mary-Ann Winkelmes, ambaye utafiti wake umehusu uwazi wa kazi wanazopewa wanachuo, amekuwa akihimiza kwamba kila kazi itolewe ikiwa na mambo matatu yaliyoandikwa: inakusudia kujenga ujuzi gani, ifanywe vipi, na itasahihishwa kwa vigezo gani. Linaonekana dogo, lakini mwanafunzi ambaye wazazi na kaka zake walipita chuoni huyajua haya kwa kuambiwa nyumbani, na aliye wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo hubaki akikisia ulichotaka. Mwenzako anapomwona huyu wa pili akianguka husema hana uwezo. Hajui kama hana, kwa kuwa uwezo huo bado haujapimwa.

Niruhusu nikueleze kosa langu, kwa sababu nalikumbuka kila muhula. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikirudisha karatasi za mtihani kwa mpangilio wa alama, kutoka ya juu hadi ya chini, nikiita jina moja moja. Niliamini kwamba aibu ingewasukuma. Msichana mmoja alikuwa wa mwisho mara mbili mfululizo. Mara ya tatu hakuwepo, na chuoni hakurudi tena. Baadaye niliisoma upya karatasi yake iliyobaki mikononi mwangu, nikaona kwamba alikosea hatua moja ile ile katika kila swali, hatua ambayo mazungumzo ya dakika kumi yangeirekebisha. Sikumpa dakika hizo. Nilimpa nafasi ya mwisho kwenye orodha.

SWALI: Muhula ujao nitakuwa na mwanafunzi asiyeona na mwingine anayesikia kwa shida katika somo langu la uchumi. Nimearifiwa zikiwa zimebaki wiki mbili. Sijawahi kuwafundisha watu wenye ulemavu na ninaogopa kukosea. Nianzie wapi, na je, mitihani yao niirahisishe? (Mhadhiri wa uchumi)

JIBU: Ndugu yangu, anayeogopa kukosea ameshaonyesha kwamba anajali; hofu hiyo isije tu ikakufanya uwakwepe. Mitihani usiirahisishe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006, unaitaja elimu ya juu waziwazi katika ibara ya 24: mtu mwenye ulemavu aipate bila kubaguliwa, kwa usawa na wengine, naye afanyiwe marekebisho yanayofaa. Marekebisho hayo yanahusu njia. Swali la unyumbufu wa mahitaji libaki lile lile. Kitakachobadilika ni kwamba mmoja atalisoma kwa nukta nundu au kwa programu inayosoma maandishi kwa sauti, na ataongezewa muda kwa kuwa kusoma kwa njia hizo huchukua muda mrefu zaidi. Ukimpa swali jepesi umemnyang'anya nafasi ya kuonyesha kwamba anajua, na wenzake watalikumbuka hilo siku atakayoomba kazi.

Anza kwa kuwauliza wenyewe, leo, kila mmoja kwa faragha: amezoea kusoma kwa njia gani, nini kilimsaidia na nini kilimkwamisha katika masomo yaliyopita. Si kila asiyeona anasoma nukta nundu, wala si kila asiyesikia vizuri anatumia lugha ya alama, na ukikisia mtapoteza wiki mbili zote.

Kwa asiyeona, tuma vitini mapema vikiwa maandishi halisi, maana picha za kurasa zilizopigwa skani huikwamisha mara nyingi ile programu ya kusoma kwa sauti. Unapochora ubaoni, taja unachokichora. Maneno "kama mnavyoona hapa" hayamwambii kitu. Mwambie kwamba mhimili wa wima ni bei na wa mlalo ni kiasi, kwamba mstari wa mahitaji unashuka kutoka kushoto kwenda kulia na wa ugavi unapanda, na kwamba mistari hiyo inakutana pale bei inapokuwa 40. Wanaoona nao watakuelewa vizuri zaidi, kwa sababu wengi wao walikuwa wakinakili mchoro bila kujua mhimili upi unasimamia nini. Mchoro wa muhimu sana unaweza kutengenezwa kwa mistari iliyoinuka, aufuate kwa vidole.

Kwa anayesikia kwa shida, uso wako ndio ukurasa anaousoma. Usiongee huku umeuelekea ubao, simama pale mwanga unapoangukia usoni, na swali likiulizwa kutoka nyuma lirudie kabla ya kulijibu. Akija na mkalimani wa lugha ya alama, zungumza na mwanafunzi na umtazame yeye. Mkalimani mpe istilahi zako siku kadhaa kabla, kwa kuwa maneno kama unyumbufu na mfumuko wa bei huenda hayana alama waliyoizoea, na watahitaji kukubaliana wao wawili watayaonyesha vipi. Kumbuka pia kwamba macho hayawezi kuitazama mikono ya mkalimani na daftari kwa wakati mmoja. Awepo wa kumwandikia muhtasari, au umpe wako.

Mwanzoni utaona kwamba unawafanyia watu wawili, na si hivyo. Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyetumia kiti cha magurudumu, alihimiza kwamba jengo libuniwe litumike na wote tangu linapochorwa, badala ya kuongezewa njia ya mteremko baada ya watu kushindwa kuingia. Shirika la CAST, lililoanzishwa huko huko Marekani mwaka 1984, likauleta mtazamo wa namna hiyo katika ufundishaji. Mteremko uliojengwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu hupitwa pia na mama anayesukuma kigari cha mtoto na mzee anayeburuta mzigo. Vivyo hivyo vitini vyako vya mapema vitamfaa anayesoma polepole, aliyeugua wiki hiyo na anayesoma kwa lugha yake ya tatu. Chukua hata suala la rangi: miongoni mwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanaume mmoja kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na watu wa namna hiyo wapo katika kila jamii. Basi mstari mmoja uchore mzima na mwingine wa vikatovikato, rangi isiwe ndiyo tofauti pekee.

Na hali zao usizitangaze darasani. Wakitaka watasema wenyewe.

SWALI: Kila kazi ninayoitoa, robo ya wanafunzi huja kuomba waongezewe siku. Nikiwakubalia wote wanaowahi wanalalamika. Nikiwakataa wote nawaumiza wenye shida za kweli. Je, nidai cheti cha daktari au cha kifo? (Mkufunzi wa fasihi)

JIBU: Usidai cheti cha kifo kwa ajili ya siku mbili. Anayeomboleza hapaswi kuhangaikia mhuri ili akuthibitishie msiba wake, na anayedanganya huenda akaupata mhuri huo kabla yake. Jivue tu hiyo kazi ya uhakimu. Katika muhtasari wa kozi andika tangu siku ya kwanza kwamba kila mwanafunzi ana siku tatu za akiba kwa muhula, atakazozitumia kwenye kazi yoyote bila kutoa sababu, mradi akuarifu kwa mstari mmoja kabla ya siku ya mwisho kupita. Zikiisha, au ugonjwa ukiwa mrefu, ufuatwe utaratibu wa chuo. Kazi ambayo majibu yake mtayajadili kesho yake haiwezi kusogezwa, nawe uwaeleze kwa nini.

Ninaupenda utaratibu huu kwa sababu moja hasa. Wanaokuja mlangoni kwako ni wale wanaojua kwamba mhadhiri anaweza kuombwa. Yupo mwingine aliyekesha hospitali na mzazi wake, na hakuja, kwa kuwa alikolelewa mwalimu haombwi. Akaleta kazi nusu, akapata alama nusu, nawe hukujua lolote. Kanuni iliyoandikwa inamfikia hata huyo.

SWALI: Mwanafunzi wa mwaka wa pili alibaki baada ya kipindi akaniambia kwamba haoni tena sababu ya kuishi. Nilishtuka, nikamwambia akapumzike, akaondoka. Siku mbili zimepita na usingizi hauji. Mimi ni mwalimu wa uhandisi, sikusomea nasaha. Nifanye nini? (Mhadhiri wa uhandisi)

JIBU: Barua hii niliijibu saa ile ile ilipofika, na mwanafunzi alipatikana akiwa salama. Kwa ruhusa ya aliyeiandika nachapisha nilichomwambia, kwa kuwa swali hili litamfika mwingine bila kupiga hodi.

Mtafute leo, usingoje kipindi kijacho. Mketi mahali patulivu, umwambie kwamba maneno yake umeyabeba tangu siku ile, kisha umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii, mara nyingi humpa mahali pa kutua mzigo. Sikiliza bila kumhubiria, wala usimkumbushe kwamba wapo wenye shida kubwa kuliko zake. Usimwahidi kuiweka siri, kwa sababu ni ahadi ambayo huenda ukalazimika kuivunja. Akikubali kwamba anafikiria, na hasa akiwa ameshapanga namna, usimwache peke yake hata kwa dakika chache: fuatana naye hadi kwa mshauri nasaha wa chuo au hospitali, umkabidhi uso kwa uso kwa mtu mwenye kazi hiyo. Kumpa namba ya simu na kumtakia heri hakutoshi.

Hukusomea nasaha, na hutakiwi kuigiza kwamba ulisomea. Mhadhiri anayejaribu kuwa tabibu, mzazi na mfadhili wa wanafunzi 200 huishiwa nguvu kabla ya muhula kwisha, kisha hata ualimu wake hudhoofika. Ninachokuomba ni uandike leo majina na namba za mshauri nasaha, za zahanati na za mlezi wa wanafunzi kwenye karatasi moja, uibandike karibu na meza yako, na ujue ofisi zao ziko wapi kabla ya kuzihitaji tena. Tiba ikishakuwa mikononi mwa wenyewe, wewe rudi kwenye lililo lako: wiki ijayo mwulize hali, umpangie upya maabara alizozikosa, umwekee kiti chake darasani kama kawaida. Kwa aliyetoka gizani, kuulizwa "umefikia swali la ngapi?" na mtu asiyemtazama kwa woga ni jambo kubwa.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nina miaka 38, ni mama wa watoto wawili, na nimejiunga na chuo mwaka huu baada ya miaka 15 bila kushika daftari. Insha yangu ya kwanza imerudi na neno moja juu yake, "Dhaifu", na alama 41. Wenzangu ni wadogo sana kwangu, sina wa kumuuliza. Najiuliza kama nilikosea kuja. Niende kwa mhadhiri, au nitaonekana ninalalamikia alama? (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Lakini kabla hujaenda, nina neno na wahadhiri wanaosoma ukurasa huu, na wewe ulisikie.

Mwaka 1999 Geoffrey Cohen, Claude Steele na Lee Ross walichapisha utafiti kuhusu namna wanafunzi wa chuo wanavyoupokea ukosoaji wa maandishi yao. Wanafunzi weusi walipokosolewa bila neno jingine, walielekea kumwona mkosoaji kuwa na upendeleo, na hamu ya kuiandika kazi upya ikashuka. Ukosoaji ulipoambatana na maelezo kwamba viwango vinavyotumika ni vya juu na kwamba mwandishi, kwa kazi aliyoileta, anaonekana ana uwezo wa kuvifikia, hamu ilipanda. Sifa za jumla za kumpoza mtu hazikufua dafu kama maelezo hayo. Mwanafunzi yeyote mwenye sababu ya kujiuliza kama mahali hapa ni pake, awe kwa rangi, kwa umri, kwa lafudhi au kwa umaskini wa alikotoka, neno "dhaifu" hulisoma kama jibu la swali hilo. Wewe, mdogo wangu, umelisoma hivyo hivyo.

Nel Noddings, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani aliyeandika sana kuhusu maadili ya kujali tangu miaka ya 1980, alishikilia kwamba kujali hakujakamilika mpaka anayejaliwa amekupokea. Mhadhiri wako huenda aliisoma insha yako kwa makini, aya kwa aya, saa tano za usiku, akiwa na nyingine 80 zinazomsubiri. Katika makini yote hayo, kilichokufikia ni neno moja. Mwenzangu unayesahihisha, kama huna muda wa kuandika mengi, andika sentensi mbili: ya kwanza itaje mahali ambapo insha ilishika njia, ya pili itaje hatua moja ya kurekebisha katika insha ijayo. Kwa insha 80 hizo ni dakika nyingi, ninajua, kwani nami nimezihesabu kwa miaka mingi, na bado ninasema zinafaa kuliko mhadhara mmoja wa ziada.

Nirudi kwako. Alama 41 ya insha ya kwanza, kutoka kwa mtu aliyekaa miaka 15 bila kuandika kitaaluma, inanieleza kwamba hujapata bado namna ya insha ya chuo: hoja itangulie, ushahidi ufuate, kisha useme ushahidi huo unathibitisha nini. Hiyo ni namna ya kuandika, na inafundishika. Wadogo zako kwa umri ni wenzako kwa mwaka wa masomo. Waombe wawili mkutane mara moja kwa wiki, saa inayokubaliana na watoto wako, msomeane rasimu kabla ya kuziwasilisha. Soma tena jibu la barua ya kwanza kuhusu wale waliosoma kwa bidii kila mtu kivyake.

Saa za kuonana na wanafunzi zilizobandikwa mlangoni mwa mhadhiri si za walioharibikiwa tu, ijapokuwa wengi wa mwaka wa kwanza hudhani hivyo. Ukifika, alama usiitaje kabisa. Sema kwamba unataka kuiandika vizuri zaidi insha ya pili, kisha uulize swali lenye mahali: "Hoja yangu ilidhoofika kwenye aya ipi, na aya yenye nguvu ingekuwaje?" Nenda na insha yenyewe, ukiwa umeweka alama kwenye aya mbili unazozitilia shaka. Akikuambia uje wiki ijayo, mwombe akutajie siku na saa, uiandike mbele yake.